TAHADHARI: Kuna watu wanauza nafasi za ufadhili wa biashara za sanaa hapa Mombasa

Wenzangu mnaoshona, mnaochora hina, mnaopiga picha za harusi, mnaochonga kule Changamwe, mnaorekodi nyimbo chumbani na godoro ukutani: kuna kundi la watu linauza nafasi za feloshipu (mpango wa ufadhili) ya biashara changa za sanaa kwa kanda ya Pwani. Tangazo lao lilianza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Kisauni, sasa liko Likoni na Mji wa Kale. Usilipe chochote, wala usitume kitambulisho. Kama umeshatuma, shuka moja kwa moja hadi mwisho, kuna mambo ya kufanya leo hii.

Tangazo lenyewe limepambwa. Lina nembo ya serikali upande mmoja, nembo ya shirika la kigeni upande wa pili, na Fort Jesus katikati, picha ya kutoka baharini. Linaahidi mtaji wa hadi shilingi milioni moja usiorudishwa kwa wasanii wa kaunti zote 6 za Pwani. Masharti hayakuandikwa, ila nambari ya simu tu na "nafasi zimebaki chache". Ukipiga anapokea dada mpole, Kiswahili chake ni cha hapa hapa, na kila neno ni habibi. Atakuuliza umri, kazi yako, biashara ina muda gani, unaishi wapi. Utadhani anakusajili, kumbe anakupima. Kila jibu litaonekana lina kasoro, na kila kasoro ina bei yake.

Mimi kazi yangu ni kuwasaidia watu kuandaa maombi na bajeti, ndiyo maana simu kama hizi huletwa mezani kwangu. Mshonaji mmoja wa Bondeni (amenikubalia nisimulie, jina nimeliacha) aliniwekea simu yake nisome mazungumzo yote. Ana miaka 36. Akaambiwa umri "utalegezwa" kwa shilingi 3,500. Biashara haijasajiliwa? Itasajiliwa kwa tarehe ya nyuma, shilingi 6,000. Hana akaunti ya benki ya biashara? Hakuna shida, pesa zitapitia akaunti ya "mratibu". Alipotuma zile za kwanza, jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa lilikuwa la mwanamume ambaye hakutajwa popote. Alipouliza, akajibiwa ni mhasibu. Siku ya pili ikaja barua ya pongezi yenye muhuri, na hapo ndipo nilipocheka kwa uchungu, maana mpaka barua ile inafika mshonaji huyu hakuwa ametuma hata picha moja ya nguo aliyoshona. Hakuna aliyeuliza anashona nini. Ufadhili gani wa wabunifu hauulizi ulichobuni?

Matapeli hawa hawana ufundi mkubwa. Wanaishi kwa kujua kwamba wengi wetu hatujawahi kuona masharti ya ufadhili wa kweli yanavyoandikwa. Ukiyajua, uongo wao hausimami.

Tuanze na umri, maana ndipo wanapokamata watu wengi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 260, inamhesabu kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 lakini hajafika 35. Mkataba wa Vijana wa Umoja wa Afrika wa 2006 unasema 15 hadi 35. Kwa hiyo mwenye miaka 35 kamili anaweza kutupwa nje na programu moja na kukubaliwa na nyingine, na wote wawili wako sahihi. Mradi wa NYOTA wa serikali, wa kuwapa vijana mtaji, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliweka 18 hadi 29, na 35 kwa watu wenye ulemavu. Kuna wasioweka ukomo wa juu kabisa: Tony Elumelu Foundation, shirika linalowafadhili wajasiriamali wa Afrika, inataka uwe umefikisha 18 tu. Kwa hivyo yule mshonaji wa miaka 36 hakuhitaji kulegezewa lolote na mtu yeyote, alihitaji kuelekezwa kwenye mlango ulio wazi kwake. Umri hauna dalali. Uko kwenye kitambulisho, na mfadhili atakitazama kabla ya kutoa hata senti.

Halafu umri wa biashara. Elumelu wanataka biashara isiyozidi miaka 5, na hata wazo ambalo halijaanza wanalipokea. Wengine hutaka uwe umeshauza kitu. Swali la kumuuliza mfadhili mwenyewe ni hili: miaka inahesabiwa tangu kusajili au tangu kuanza kuuza? Pwani hapa kuna fundi ameshona miaka kumi na jina la biashara kalisajili juzi, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama anaingia au haingii. Lakini tarehe ya nyuma ni uongo mtupu. Usajili unafanyika eCitizen chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, tarehe inatoka kwenye mfumo wenyewe, na mfadhili anaweza kuiangalia. Cheti kilichochezewa kitakufukuzisha hata kwenye programu ambayo ungeipata kihalali, tena na kesi ya kughushi juu yake. Malipo ya huduma za serikali kwenye eCitizen yanaingia paybill 222222. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu ili "akulipie eCitizen", jua unalipia chakula chake cha mchana. Na PIN ya KRA, yaani nambari yako ya mlipa kodi, haina ada.

Makazi nayo yana utata wake. Programu ya kanda ikisema "Pwani", soma kama inamaanisha mzaliwa, mkaazi, au biashara inayofanya kazi huku. Si kitu kimoja. Mtu wa Kisii anayechonga Mombasa miaka yote hii anaweza kustahiki, na Mpwani anayefanyia kazi Nairobi akakosa. Kinachothibitisha mara nyingi ni kibali cha biashara cha kaunti au mkataba wa pango. Hawa matapeli wanauza "barua ya ukaazi". Wallahi, mtu anayeishi Majengo anunue barua ya kuthibitisha anaishi Majengo!

Sasa pesa zenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza tofautisha ruzuku na mkopo. Hustler Fund, mfuko wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, ni mkopo, una riba ya asilimia 8 kwa mwaka na utaulipa. Ruzuku hairudishwi ukitimiza masharti. Matapeli wanachanganya maneno haya makusudi, ili ukiulizwa "ada ya bima ya mkopo" usishtuke kwamba uliahidiwa ruzuku.

Pili, ukubwa wa kiasi. Elumelu hutoa dola 5,000 kwa aliyechaguliwa, na kabla ya hapo unapitia mafunzo na kuandika mpango wa biashara. NYOTA ni shilingi 50,000. Hizo ni programu kubwa zinazojulikana. Anayekuahidi milioni kwa mazungumzo ya simu bila kuona kazi yako, muulize anaitoa wapi.

Tatu, namna zinavyotoka. Mfadhili wa kweli mara nyingi hatoi zote kwa mkupuo. Anatoa awamu ya kwanza, anaona ulichonunua, anapokea risiti, kisha anatoa inayofuata. Zinakwenda kwenye akaunti yenye jina lako au la biashara yako, na mkataba unasema zitumike kwa nini: cherehani, kamera, kodi ya karakana, malighafi. Kulipa madeni ya zamani au karo ya watoto kwa kawaida haimo. "Akaunti ya mratibu" haipo katika mpango wowote wa maana, kwa sababu hata mkaguzi wa mfadhili mwenyewe angeipinga.

Nne, huu ndio mtego uliomgharimu yule mshonaji zaidi ya yote: mchango wa mwombaji. Jambo hili lipo kweli. Baadhi ya wafadhili hutaka nawe uweke sehemu yako, tuseme wao watoe tisini na wewe kumi. Lakini mchango huo unauweka ndani ya biashara yako. Unanunua kitambaa, unalipa pango, unaweka risiti kwenye faili na kuionyesha. Mara nyingine hata vifaa ulivyo navyo vinahesabiwa. Humtumii mfadhili! Mshonaji aliambiwa atume asilimia 10 "ili mfumo ufunguke", akakopa kwenye chama chao. Mtu akikuonyesha sharti la kweli kisha akaligeuza kidogo tu, ni vigumu kumshtukia, ndiyo maana nasema yasome masharti ya wafadhili halisi hata kama huombi mwaka huu.

Na fomu? Ya Elumelu ni bure kwenye tovuti yao. NYOTA watu walijiandikisha kwa *254# bila kulipa. Anayekuuzia fomu hizo anakuuzia maji ya mvua huku mvua inanyesha.

Kumlipa mtu akusaidie kuandika si utapeli, nami kazi hiyo naifanya. Lakini msaidizi wa haki anakutajia bei yake waziwazi, hakuahidi kuchaguliwa, hachukui nywila yako, na anakuachia nakala ya kila alichotuma. Akikuambia anajua mtu ndani ya kamati, inuka uende zako.

Kwa mliokwisha kutuma pesa au nyaraka:

Kama pesa zimetoka sasa hivi, sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 uombe zirudishwe. Zikishatolewa kwa wakala ni vigumu, kwa hiyo usikae kubishana nao kwanza. Ujumbe wao wa SMS usambaze kwenda 333, ni bure. Usifute mazungumzo wala usiwaambie kwamba umewashtukia, wanaweza kufuta ujumbe wao na ushahidi ukapotea.

Nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kujipatia mali kwa uongo ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake ni hadi miaka 3. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana laini ya bure, 0800 722 203, unaweza kupasha habari bila kutaja jina.

Kama ulituma kitambulisho pande zote mbili pamoja na picha yako umekishika, hilo mimi linanitia wasiwasi kuliko pesa. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao huo ikatwe. Badilisha pia nywila ya eCitizen na ya iTax, mfumo wa kodi wa KRA. Malalamiko ya matumizi mabaya ya taarifa zako yanapokewa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya 2019.

Na kama ulituma picha za kazi zako, michoro au rekodi, tafuta faili za asili zenye tarehe uziweke mahali salama. Kazi hizo zinaweza kupelekwa kwa mfadhili wa kweli kwa jina la mtu mwingine. Ukiwa na mpango wa kuomba mahali karibuni, waandikie mapema kwamba sampuli zako ziliibwa, utaje zipi. Barua fupi inatosha, na nikiwa na nafasi nitawasaidia kuiandika bila malipo wale walioguswa na kundi hili. Leteni na picha za mazungumzo yenu, nambari wanazotumia wanazibadilisha na tunazikusanya zote kabla ya kuzipeleka DCI.