Crosman M1: kitako cha mbao au cha plastiki?

Anayekusanya bunduki za upepo za mtindo wa kijeshi hakawii kukutana na Crosman M1 Carbine, nakala ya karabini (bunduki fupi ya kijeshi) ya Wamarekani ya Vita vya Pili vya Dunia. Inapiga gololi za milimita 4.5. Zile za mwanzo, za 1966 na 1967, zina kitako cha mbao. Kuanzia 1968 hadi 1976 ni plastiki inayoigiza mbao.

Za mbao ni chache, ndiyo maana bei yake iko juu. Ila mvua za Lubumbashi, Novemba hadi Machi, hazina huruma na mbao. Na fundi wa Kenya, mtaa wa humo Lubumbashi, akiipiga msasa na vanishi mpya, thamani imeshuka hapohapo, hata kama inang'aa. Mikwaruzo ya zamani iache ilivyo.

Ya plastiki haisumbui, basi. Ikija na karatoni yake ya kiwandani, hapo tutazungumza bei. Mimi ningechukua ya mbao, hata iliyochakaa, mradi haijapasuka.

Zote mbili zinafanana mno na silaha ya kweli. Kwenye bariyeri askari hatauliza kama ni ya gololi, kwa hiyo usitembee nayo mjini. Anayetaka kununua aje aione nyumbani.