Mgogoro wa mpaka: msuluhishi au mahakama?

Jirani kasogeza uzio hatua mbili usiku. Asubuhi swali ni lile lile: kwa msuluhishi au mahakamani?

Kwa gharama, msuluhishi anashinda bila jasho. Ada mara nyingi mnagawana, na vikao viwili vinaweza kutosha. Mahakamani kuna ada ya kufungua shauri, wakili, mpima ardhi wa kutoa ushahidi, halafu kuahirishwa, na kuahirishwa tena. Ukishindwa, unaweza kubebeshwa na gharama za mwenzako.

Kwa nguvu ya uamuzi, mambo yanageuka. Msuluhishi hana mamlaka ya kumlazimisha mtu. Jirani akigoma kuja, umekwama. Hakimu humwita kwa hati, anaweza kutoa zuio ujenzi usimame, na hukumu yake inakazwa, yaani inatekelezwa hata mtu asipotaka. Kama hatimiliki ni ya kughushi, au kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu wawili, mimi sioni msuluhishi atafanya nini hapo.

Ila mkiwa ndugu mnaogombea nyumba ya marehemu baba, hukumu humpa mmoja ushindi na wote ukimya wa miaka. Msuluhishi anaweza kuwaachia vitu ambavyo hakimu hutoa kwa nadra: zamu ya kukaa, njia ya kupita, fidia ya awamu. Makubaliano yaandikwe na kusainiwa, ikiwezekana yasajiliwe mahakamani. Vinginevyo ni maneno ya barazani.

Chunga kalenda pia. Madai ya ardhi yana ukomo wa muda, na mara nyingi hausimami eti kwa sababu mnazungumza. Sheria ya mahali ulipo ikiruhusu, shauri laweza kufunguliwa huku mazungumzo yakiendelea.