Chumba Namba 121: Kutafuta Asili ya Ukoo katika Maktaba ya Umma ya New York

Mama mkwe wangu alikulia Brooklyn akisimuliwa kwamba bibi yake, aliyetoka Sicilia, kisiwa cha Italia, mwaka 1909, alibadilishwa jina na karani wa Kisiwa cha Ellis, kituo cha kupokelea wahamiaji katika bandari ya New York, na kwamba ndiyo sababu hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kumwona katika orodha za abiria. Tulikwisha kulipia huduma moja ya nasaba mtandaoni, ikatuletea mwanamke mwingine kabisa, na kwa miezi kadhaa tukamhesabu kuwa wetu. Hatimaye tulikwenda Maktaba ya Umma ya New York, katika jengo lake kuu lililofunguliwa mwaka 1911 kwenye barabara ya Fifth Avenue na mtaa wa 42, lile lenye simba wawili wa mawe mlangoni.

Kitengo cha nasaba, kinachoitwa Milstein, kimo katika chumba namba 121. Huduma yake ni bure, na kwenye kompyuta za maktaba msomaji anaweza kupekua sensa, orodha za abiria na kumbukumbu za uraia katika hazina ya Ancestry, ambayo nyumbani hulipiwa. Hata hivyo, lililonifanya niandike tathmini hii ni wakutubi wenyewe.

Mkutubi aliyetupokea hakuanza kwa kutafuta jina. Aliuliza kwanza kama bibi huyo alikuwa ameolewa alipopanda meli, kisha akatueleza kwa utaratibu kwamba orodha za abiria ziliandikwa na watu wa kampuni ya meli huko huko bandari ya kuondokea, na kwamba wakaguzi wa Kisiwa cha Ellis waliwahoji wageni wakiwa na orodha hizo mkononi, wala haikuwa kazi yao kumpa mtu jina jipya. Akaongeza kwamba wanawake wa Italia walizoea kuandikwa kwa jina la ukoo wa baba zao, hata wakiwa na waume na watoto. Nilisikitika kwamba sikuliwaza jambo hilo mapema, kwa kuwa mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu mwanamke akiolewa hubaki binti wa fulani mpaka siku ya kuzikwa.

Tulimpata asubuhi hiyo hiyo. Fomu ya orodha za abiria ilikuwa imeongezewa maswali mwaka 1907, kwa hiyo mstari wake mmoja ulitupa mji aliozaliwa, jamaa wa karibu aliyemwacha nyuma, mtu aliyekuwa akimfuata na anwani ya mtu huyo. Jamaa aliyeachwa nyuma alikuwa baba yake. Mama mkwe hakuwahi kulisikia jina la mzee huyo, akalisoma mara tatu kwa sauti ya chini huku machozi yakimtoka.

Anwani ilikuwa ya Elizabeth Street, mtaa ambao wakati huo ulijaa Wasicilia. Katika vitabu vya anwani za mji, ambavyo vya New York vilianza kutolewa mwaka 1786, tulimkuta mumewe akiwa kinyozi. Chumba cha ramani, namba 117, hakiko mbali, nasi tukaiona nyumba yenyewe katika ramani za bima ya moto, zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima, imepakwa rangi ya waridi kuonyesha kwamba ilijengwa kwa matofali. Nawasihi wasomaji wasikiache chumba hicho, maana jina kwenye orodha haliwezi kukuonyesha jinsi nyumba zilivyobanana.

Ni lazima msomaji ajue pia kwamba si kila kitu kimo humo. Vyeti vya zamani vya kuzaliwa na vya ndoa viko katika nyaraka za manispaa ya jiji, na vingi vyao sasa husomeka bure mtandaoni. Sehemu kubwa ya sensa ya mwaka 1890 ilipotea kwa sababu ya moto wa Washington wa mwaka 1921. Anayetafuta cheti cha uraia cha mwanamke aliyeolewa kabla ya mwaka 1922 huenda asikipate kamwe, kwa kuwa sheria ya wakati huo ilimfanya mke kuwa raia kwa kumfuata mumewe. Huyo aitafute faili ya mume.

Anayekusudia kwenda aulize kwanza wazee wake jina kama lilivyoandikwa kwao, kijiji, dini, na mwaka wa safari hata kama ni wa kukisia. Sisi tulikwenda na picha moja na hadithi ya karani, na sehemu kubwa ya saa ya kwanza tuliitumia kumpigia simu shangazi wa mume wangu. Mama mkwe amekwisha kuiandikia ofisi ya mji ule wa Sicilia, ambako vizazi vimeandikishwa serikalini tangu mwaka 1820, akiomba cheti cha kuzaliwa cha bibi yake kwa jina la ukoo tulilolipata katika chumba hicho.