Tembe la Livingstone, Kwihara (Tabora): nyota 5 kutoka kwangu

Jamani mkifika Tabora msiishie kula maembe na kununua asali mkarudi, nendeni Kwihara mkaone tembe alilokaa Livingstone. Ni kama kilomita 6 tu toka mjini, mi nilichukua boda, kijana akanipeleka kusiko kabisa ikabidi tumuulize mama muuza karanga, kwahiyo elewaneni vizuri kabla hamjapanda.

Nyumba yenyewe ndo habari. Kuta za udongo nene kweli kweli, nje jua la saa saba linachoma ila ukiingia ndani ni kama umeingia kwenye mtungi. Paa bapa, ndo tembe hilo, Wanyamwezi na Wagogo nao wamejenga hivyo miaka na miaka, miti inapangwa juu halafu unashindilia udongo. Ila mlango sasa! Mbao nzito zenye nakshi za Unguja, nilipitisha kidole taratibu kwenye mifereji ya nakshi, nikaondoka na vumbi jekundu kwenye ukucha. Pwani ilifika huku kwa miguu.

Wengi wanaenda kwa sababu ya wale wazungu wawili. Stanley, mwandishi wa habari, alikaa Kwihara 1871 akimtafuta Livingstone, mmisionari aliyekuwa hajulikani alipo, baadaye wakaja wote, Stanley akaondoka Machi 1872, mzee akabaki kusubiri wapagazi, yaani wabeba mizigo, mpaka Agosti. Sawa, ila mi kilichonigusa ni mizigo. Kwihara kilikuwa kituo cha misafara, vitambaa na shanga vinawekwa ndani ya kuta kama hizi, na mali nyingi ilikuwa ya kulipia njia. Hongo! Neno hili hili, ila enzi hizo ulikuwa ushuru wa wazi kabisa, mtemi anataja vitambaa vya merikani na kaniki anavyotaka, mnabishana hata siku kadhaa, mkilipa mnapita, toka Ugogo mpaka Uha huko karibu na Kigoma. Na Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alivyofunga njia ya Ujiji mwaka huo wa 1871 Stanley ilibidi azungukie kusini.

Mpagazi mmoja alikuwa anabeba frasila 2 hivi, kama kilo 32, toka Bagamoyo. Bibi yangu alikuwa anasema babu yake alikuwa mpagazi, bega moja lilikuwa na sugu mpaka anakufa. Nilikaa pale mlangoni muda mrefu nikiwaza alishusha mzigo wake hapa au nyumba ya jirani.

Nendeni asubuhi, bebeni maji.