Dawa ya minyoo kwa sungura: cha kununua kwanza na cha kuacha rafuni

Mbuzi anayechungwa akipewa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu hakuna anayeshangaa. Sungura ni habari nyingine. Anayekaa kwenye banda lenye sakafu ya waya na kula majani makavu safi anaweza kuishi miaka yake yote bila kuhitaji hata dozi moja. Ndiyo maana katika orodha hii dawa inakuja nafasi ya tatu.

1. Kipimo cha kinyesi

Hapa ndipo pesa yako ya kwanza iende. Okota punje 15 hadi 20 za asubuhi hiyohiyo, zikiwa bado na unyevu, uziweke kwenye kikopo safi chenye kifuniko. Usizianike wala usizigandishe. Zikae mahali pa baridi na zifike maabara ndani ya saa 24. Kinyesi cha vitoto usikichanganye na cha wakubwa, maana majibu ya mmoja yatamfunika mwingine. Mwambie mpokeaji wazi: tafuteni mayai ya minyoo na koksidia (vijidudu vya seli moja vinavyoshambulia utumbo na ini). Maabara za mifugo zipo. Tanzania kuna TVLA (Wakala ya Maabara ya Veterinari), Temeke na kwenye vituo vyake vya kanda kama Arusha na Mwanza, na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kule Morogoro. Kenya kuna maabara ya mifugo ya Kabete, Nairobi.

Kwa nini upime kwanza? Kwa sababu kinachoua sungura wadogo mara nyingi si minyoo, ni koksidia. Kitoto kimetoka kunyonya, kina umri kati ya mwezi mmoja na mitatu, tumbo linavimba, manyoya yanasimama, kinaacha kula, kinaharisha, na baada ya siku chache kimekufa. Jirani atakuambia ni minyoo. Ukikipasua kitoto kilichokufa, ini linaweza kuwa na madoa meupe-manjano kama punje za mtama. Hiyo ni koksidia ya ini. Hakuna dawa ya minyoo inayoigusa, hata ukimaliza chupa nzima.

Kama majibu yamesema koksidia, rafu unayoitaka ni nyingine kabisa. Toltrazuril ya asilimia 2.5 ndiyo tunayoiweka mbele: mililita 1 kwa lita 1 ya maji ya kunywa, siku 2 mfululizo, kisha rudia siku 2 nyingine baada ya kupumzika siku 5. Maji yabadilishwe kila siku. Usiitie mdomoni bila kuichanganya, kwani ni kali na inaunguza. Dawa za jamii ya salfa nazo zinafaa, kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Amproliamu ya kuku inapatikana kila mahali na ni bora kuliko kukosa kabisa, ila ikitumika muda mrefu humnyima mnyama vitamini B1.

2. Mizani

Mizani ya jikoni ya kupima hadi kilo 5 inatosha. Sungura ni manyoya matupu: unayemkadiria kilo 3 akipanda mizani anakuwa na kilo 2. Mweke kwenye beseni, toa uzito wa beseni, andika. Nunua pamoja na mabomba mawili ya sindano ya mililita 1, bila sindano.

3. Fenbendazole ya maji

Hii ndiyo dawa ya minyoo tunayoipendekeza, pale tu ambapo minyoo imeonekana. Mingi utakayoikuta ni minyoo uzi, *Passalurus ambiguus*: nyuzi nyeupe zisizozidi sana sentimita 1, zikijinyonganyonga juu ya punje za kinyesi au pembeni mwa njia ya haja. Sungura mzima mwenye afya huishi nayo bila shida. Wala haihamii kwa watoto wa nyumbani. Minyoo uzi ya binadamu ni aina nyingine.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kisha rudia baada ya siku 14. Marudio hayo si ya kuruka. Sungura hula kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja, kwa hiyo mayai yanarudi tumboni kila siku.

Sasa soma lebo polepole. Chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita. Ya asilimia 2.5 ina miligramu 25. Sungura wa kilo 2.4 anahitaji miligramu 48, yaani mililita 0.48 ya chupa ya kwanza, au 1.9 ya pili. Ukichukua chupa moja ukidhani ni nyingine umekosea mara nne. Makosa mengi huzaliwa hapo, kwa sababu makopo yanafanana na muuza duka anakumbuka mililita, hakumbuki asilimia.

Tikisa chupa vizuri, maana dawa hutuama chini na ukivuta juu unavuta maji. Mfunge sungura kwa khanga, masikio nje, akae wima, usimlaze chali. Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, kwenye pengo lililo nyuma ya meno ya mbele, usukume kidogokidogo, mililita 0.2 hivi, usubiri ameze. Ukisukuma kwa pupa dawa inaingia mapafuni. Usimfungishe kula kabla ya dawa: sungura hatapiki, na tumbo lake likisimama kwa kukosa majani, hilo ndilo litakalomuua. Siku hiyohiyo toa matandiko yote na kwangua sakafu.

Tahadhari moja: kundi hili la dawa limewahi kudhuru uboho wa sungura (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), hasa kikizidishwa kipimo. Ndiyo sababu ya kutompa "kwa usalama tu" kila mwezi. Vidonge vikubwa vya ng'ombe achana navyo. Huwezi kuvigawa sawasawa.

4. Piperazine

Poda ya kuku, ya kutia kwenye maji ya kunywa. Inapoozesha minyoo uzi iliyokomaa ikatoka na kinyesi, michanga inabaki, hivyo marudio ya wiki 2 hadi 3 ni lazima. Kasoro yake ni kwamba hujui nani kakunywa kiasi gani. Inafaa ukikosa fenbendazole, na asilimia ya dawa kwenye pakiti ihesabiwe na daktari.

5. Albendazole

Ipo kila duka, bei ndogo, na ndiyo utakayopewa ukisema tu "dawa ya minyoo". Kwa sungura tunaiweka chini kabisa: habari za uboho kuharibika na vifo zinaihusu zaidi kuliko fenbendazole, na jike mwenye mimba asipewe kamwe.

Za kuacha rafuni

Levamisole, kwa sababu umbali kati ya kipimo cha kutibu na cha kudhuru ni mfupi mno kwa mnyama wa kilo 2.

Ivermectin ya sindano haina maana kwa minyoo uzi. Kazi yake ni upele na magamba ya masikio. Na hata huko, ya asilimia 1 kipimo chake ni mililita 0.02 hadi 0.04 kwa kilo, yuniti 2 hadi 4 tu kwenye bomba la insulini la yuniti 100. Anayekudungia "nusu mililita" anamzidishia mno. Dawa za viroboto zenye fipronil ni sumu kwa sungura.

Mbegu za papai na kitunguu saumu: hakuna kipimo cha kuaminika, na kitunguu chenyewe si chakula cha sungura.

Amoksilini ya mdomo, ambayo watu hununua wakiona mharo, huua bakteria wema wa tumbo na sungura hufa kwa sumu ya wale wanaobaki.

Dawa moja ya ziada

Kama unakata majani pembezoni mwa barabara au kiwanjani, sungura anaweza kuokota mayai ya tegu wa mbwa, *Taenia pisiformis*. Ndani yake yanakuwa malengelenge yenye maji juu ya ini na utando wa tumbo, kama zabibu ndogo. Hapo anayetakiwa kumezeshwa ni mbwa: kidonge chenye praziquantel, na asipewe tena matumbo mabichi ya sungura.