Masta ya nyumbani ikaguliwe, au urudi darasani?

Kwa aliyesoma ushauri nasaha Nairobi au Dar halafu akatua Texas, njia za kupata leseni ya ushauri nasaha ni mbili: masta yako ikakaguliwe kama inalingana na ya Marekani, au usome nyingine ya hukohuko.

Kukaguliwa ni bei chee ukilinganisha na ada ya chuo, ila usichukulie kirahisi, maana wakaguzi wanapitia kozi moja moja na Texas wanataka masta ya krediti 60 yenye praktikamu (mafunzo ya vitendo na wateja) ndani, sasa za kwetu nyingi zimejaa tasnifu na mafunzo ya vitendo hayaonekani vizuri kwenye transkripti, kwa hiyo wasumbue chuoni wakupe silabasi zote kabla hujapanda ndege, ukishafika huku kujibiwa imeili ni shughuli.

Kusoma upya miaka miwili mitatu hivi, na ada inauma kwelikweli. Lakini unapata praktikamu ya huku na watu wanaokujua, tena kila jimbo lina leseni yake, ukihama masta yenye ithibati ya CACREP, chombo cha Marekani kinachothibitisha kozi za ushauri nasaha, inapunguza maswali.

Zote mbili zinakutana kwenye mtihani wa leseni na masaa 3,000 chini ya suphavaiza, 1,500 kati ya hayo ukiwa na wateja moja kwa moja, so asikudanganye mtu kwamba kukaguliwa ni kuruka foleni.

Mimi ningesema masta yenye praktikamu ya maana ikaguliwe kwanza. Una digrii ya kwanza tu? Nenda darasani, na huku unasoma tafuta kazi mashirika ya wakimbizi, pale Houston Wakongomani ni wengi na Kiswahili chako kina soko.