Uzoefu wangu: turubai la kushonesha kwa boti ya Laser, Mombasa

Boti yangu ni Laser, ile ndogo ya tanga moja na mtu mmoja, mita 4.2 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Hulala nje, juu ya toroli, huko Mtwapa. Jua la pwani halina mchezo: faiba ya bodi inapauka, kamba zinakauka, na masika yakiingia maji yanatuama pale pa kukalia, mbu wanazaliana. Maturubai ya kiwandani ya Laser yapo Uingereza, lakini ukijumlisha usafiri na ushuru unaghairi mwenyewe. Nikaenda Changamwe kwa fundi anayeshona maturubai ya malori.

"Si mstatili tu huu, bosi? Nipe urefu na upana." Nikakataa. Lori ni sanduku. Boti imechongoka omo, imetanuka katikati, tezi imekatwa wima. Nikamlipia nauli aje aione, na nauli hiyo ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Alilitandaza turubai juu ya boti, upande wa ndani ukitazama juu, akalibana ukingoni kwa vibanio vya nguo, kisha akazunguka na chaki akifuata umbo lenyewe. Futi ilibaki mfukoni.

Wazo la mgongo pia lilikuwa lake. Turubai likilala bapa, mvua hujaa katikati na kulivuta chini hadi mishono iachie. Akashauri kipande cha chini cha mlingoti kilazwe juu ya vigingi viwili, omo na tezi, turubai lipite juu yake kama hema. Masika yote maji yameteleza pembeni. Chini ya tumbo la boti kunapita mikanda mitatu yenye bizimu za plastiki, na ringi za matundu ya kamba ni za shaba. Za chuma msizikubali hata mkipunguziwa bei. Chumvi itazila na kutu itachora mistari kwenye faiba.

Sasa lawama. Mshono wa omo aliushona kwa uzi wa kawaida wa cherehani, na upepo wa kaskazi ulipopamba moto ukaanza kukatika. Aliurudia bure kwa uzi mnene wa poliesta, bila kununa, ila ilibidi nilipeleke turubai Changamwe mwenyewe, na foleni ya Makupa mnaijua. Tena PVC, plastiki ya turubai hili, ni nzito na haipumui: matundu mawili ya hewa yenye wavu niliyaomba mimi, na bila hayo ukungu ungekuwa umeshaota ndani. Anayepata kanvasi nzuri ya kuzuia maji aichukue hiyo, ingawa bei yake inapanda.

Nililipa shilingi 13,000, vifaa na ufundi pamoja, nusu kabla ya kazi. Sasa nimempa kazi ya mfuko wa usukani, na safari hii uzi nimenunua mwenyewe.